KUSIKILIZANA KWA MITAMBO: UHAKIKI WA NYARAKA ZA "OMBI LA MAONI"

Nyaraka ninazotaka kuzihakiki hapa si mashairi wala si hadithi, na huenda msomaji wa kurasa hizi akauliza zimefikaje mbele yake. Jawabu langu ni fupi. Tangu mwaka 1969 zimeandikwa nyaraka zaidi ya 9,000 zenye kusudi kubwa moja, nalo ni kwamba mitambo iliyoundwa na watu wasiojuana, katika miji mbalimbali, kwa vyuma na programu zisizofanana, ipate kusemezana bila ya mkalimani. Kazi hiyo imefanywa kwa maneno yaliyoandikwa. Serikali ya Marekani ilitoa fedha za mwanzo, ni kweli, lakini hapakuwa na askari wa kumlazimisha mtengenezaji wa programu afuate neno hili au lile. Lilikuwapo andishi, na wakawapo watu waliolisoma. Andishi lenye nguvu ya namna hiyo lastahili kusomwa na wenye elimu ya lugha, si mafundi peke yao. Nami naona ya kuwa mafundi wamelisoma vizuri katika mambo mengi, na katika jambo moja kubwa wamelisoma vibaya kwa muda wa miaka kama arobaini.

Kabla ya kuendelea yafaa nieleze neno nililolichagua. Jambo hili mafundi wetu wengine huliita utangamano, wengine upatanifu, na wengine huazima neno la kigeni lilivyo. Sina ugomvi na yeyote kati yao. Lakini Kiswahili kina kitenzi kilichokwisha kufanya kazi hii kabla ya kompyuta ya kwanza, nacho ni kusikilizana. Watu wawili wakisikilizana, haina maana ya kwamba wamekuwa mtu mmoja, wala kwamba wamekubaliana katika kila jambo. Maana yake ni kwamba neno la huyu lamfikia yule kama lilivyokusudiwa, na jawabu larudi. Kiambishi kile kidogo cha kutendana chabeba shauri zima: hakuna mtambo uwezao kusikilizana peke yake. Mtu akinunua programu na kuambiwa kwamba "inasikilizana," ni haki yake kuuliza, na nani?

Mitambo ya mwanzo haikuwa hata na jamaa wa kufanana nao. Ile minne iliyounganishwa mwishoni mwa mwaka 1969, huko Los Angeles, Stanford, Santa Barbara na Utah, ilikuwa ya namna nne mbalimbali, kila mmoja na desturi zake za ndani. Tarehe 29 Oktoba ya mwaka huo mtambo wa Los Angeles ulijaribu kupeleka neno LOGIN kwa mtambo wa Stanford. Herufi L ikafika, O ikafika, na ya tatu ikauangusha mtambo wa upande wa pili. Saa moja hivi baadaye jaribio lilifaulu. Lakini ni vyema kukumbuka ya kuwa mazungumzo haya yote, yaliyoenea leo dunia nzima, yalianza kwa neno lililokatika.

Miezi sita kabla ya siku hiyo, mwezi wa Aprili, kijana mmoja mwanafunzi wa chuo kikuu aitwaye Steve Crocker alipewa kazi ya kukusanya mashauri ya wenziwe juu ya jinsi mitambo hiyo itakavyosemezana. Wengi wao walikuwa wanafunzi. Walidhani kwamba siku yoyote watatokea wakubwa wenye kazi hiyo na kuuliza nani amewapa ruhusa. Kwa hiyo Crocker alipotafuta jina la karatasi zile alichagua jina la unyenyekevu kuliko yote aliyoweza kufikiri: Ombi la Maoni, ambalo kwa Kiingereza hufupishwa kwa herufi tatu, RFC. Waraka wa 3, wa mwezi huohuo, ulieleza adabu ya uandishi huo mpya: mawazo yaletwe upesi hata yakiwa hayajasuguliwa, swali lisilo na jawabu lapokewa, na urefu wa chini kabisa ni sentensi moja. Waandishi walitaka kuvunja tabia ya watu kuliona kila neno lililoandikwa kuwa ni neno la mwisho.

Hapa pana kinaya cha kwanza, nacho chafaa kutazamwa kwa utulivu. Wale wakubwa hawakutokea. Ombi la Maoni likaendelea kuitwa ombi, hali limekwisha kuwa sheria. Waraka wa 793, wa Septemba 1981, ulioweka itifaki ya TCP ambayo juu yake mawasiliano mengi ya intaneti yamesimama, ni ombi la maoni kwa jina lake. Lakini mtengenezaji ambaye angalileta programu isiyoufuata angalikuta milango imefungwa. Waraka ukishatolewa haubadilishwi hata herufi. Kosa likionekana, huandikwa pembeni katika daftari la masahihisho. Hukumu ikibadilika, huandikwa waraka mpya wenye namba mpya, na ule wa zamani hubaki palepale ukiwa umetenguliwa. Waraka wa 793 ulikaa karibu miaka 41 mpaka ulipotenguliwa na Waraka wa 9293 mwezi wa Agosti 2022, nao wasomeka hata leo. Wenye kujua elimu ya nasikhi na mansukhi hawataona jambo hili kuwa geni: hukumu huondoka, maandishi hubaki. Kwa mhakiki hii ni neema kubwa. Ni fasihi chache zilizohifadhi rasimu, majuto na masahihisho yake kwa ukamilifu wa namna hii.

Wala isidhaniwe kuwa ni maandishi makavu yote. Tarehe 1 Aprili 1990, siku ya mzaha, David Waitzman alitoa Waraka wa 1149 ulioeleza, kwa uso wa kazi na bila ya tabasamu, jinsi ya kupeleka pakiti za intaneti kwa njiwa. Miaka kumi na mmoja baadaye, mwezi wa Aprili 2001, watu wa Bergen katika nchi ya Norway waliutekeleza. Pakiti tisa zilitumwa, majibu manne yakarudi, na la upesi lilichukua zaidi ya dakika hamsini. Nimecheka kama wengine. Lakini mzaha ule una hoja ndani yake: andishi lililoeleza vizuri maneno ya kusemwa, bila ya kujifunga na chombo cha kuyachukua, laweza kuchukuliwa na waya, na mwanga, na hata ndege.

Sasa nije kwenye lugha yenyewe. Mwezi wa Machi 1997 Scott Bradner wa Chuo Kikuu cha Harvard alitoa Waraka wa 2119. Ni mfupi, kurasa chache tu, na kwa maoni yangu ndio wenye manufaa makubwa kuliko zote kwa msomaji wa fani yetu, kwa sababu haueleze mtambo wowote. Waeleza maneno kumi ya Kiingereza: MUST, SHOULD, MAY na ndugu zao. Kwa miaka mingi waandishi walikuwa wakiyatumia kila mtu kwa ladha yake, na wasomaji wakibaki kujiuliza kama "ifanye" ya ukurasa huu ni amri au ni nasaha. Bradner aliyapanga katika daraja tano. Kuna lililo la lazima, kuna linalopasa, kuna lililo la hiari, kuna lisilofaa, na kuna lililokatazwa kabisa.

Msomaji wa pwani ameshatangulia kutabasamu. Daraja tano hizi ni zilezile ambazo mtoto wa chuoni huzijua kabla hajavunja ungo au kubalehe: faradhi, sunna, mubaha, makuruhu na haramu. Sisemi kwamba Bradner aliiga. Hapana dalili yoyote ya hivyo. Nasema kwamba jamii mbili zilizohitaji kuongoza matendo ya watu wengi walio mbalimbali kwa maandishi, bila ya kuwasimamia mmoja mmoja, zilifika kwenye idadi ileile ya daraja. Tofauti iko katika daraja ya pili, nayo ni ya maana. Mwenye kuacha sunna hukosa thawabu, basi. Mwenye kuacha linalopasa katika Waraka wa 2119 atakiwa awe na sababu ya kweli, na kabla ya kuliacha awe ameelewa na kupima matokeo yake yote. Yaani ruhusa ya kuacha imefungwa kwenye elimu. Ni daraja nzuri sana, nayo ndiyo inayovunjwa kuliko zote, mafundi wengi huisoma kama kwamba imesema "ukipenda." Waandishi watatu waliyajua hayo vizuri, ndipo tarehe 1 Aprili 2013 walipotoa Waraka wa 6919, wa mzaha tena, wenye daraja za ziada, moja yao ikiwa ya lazima ambayo twajua hutaifuata.

Lakini uzuri mkubwa zaidi umefichwa katika maelezo ya lile neno dogo MAY. Mtu angetazamia maelezo mepesi: fanya au usifanye. Bradner asema hivyo kwanza, kisha aongeza sharti ambalo naliona kuwa ndilo moyo wa elimu yote hii. Programu isiyochukua jambo la hiari ni lazima iwe tayari kusikilizana na ile iliyolichukua, hata ikiwa kwa upungufu. Na ile iliyolichukua ni lazima iwe tayari kusikilizana na ile isiyolichukua. Tazama jinsi hiari ilivyobeba lazima mbili tumboni mwake. Uhuru wa mmoja umekuwa wajibu wa mwenziwe, na wajibu huo ni wa pande zote mbili. Sijui kama kuna mahali pengine katika maandishi ya ufundi ambapo jambo hili limesemwa kwa uchache wa maneno kama huu.

Lawama yangu kwa waraka huu ni mbili, na zote ni ndogo. Kwanza, andishi lililotungwa ili kuondoa utata limeruhusu visawe: SHALL na REQUIRED zina nguvu ileile ya MUST. Visawe ni pambo katika ushairi, bali katika mkataba ni mlango wa mabishano. Pili, nguvu ya maneno iliwekwa katika herufi kubwa, lakini waraka haukusema waziwazi kama herufi ndogo nazo zina nguvu hiyo. Ilipasa kungoja miaka 20, mpaka Waraka wa 8174 wa Barry Leiba mwezi wa Mei 2017, ndipo iliposemwa kwamba herufi kubwa peke yake ndizo zenye maana ile maalumu. Kwa miaka hiyo ishirini amri na soga ziliweza kukaa katika sentensi moja zikiwa zimevaa nguo za namna moja.

Je, daraja hizi zaweza kusemwa kwa Kiswahili? Zaweza, lakini si kwa kufasiri neno kwa neno, na mwenye kujaribu atakutana na shimo katika ukanushi. "Lazima itume" ni amri. Ukisema "si lazima itume," hukukataza. Umeondoa amri tu, na programu imebaki na hiari yake. Ukitaka kukataza lazima useme "isitume," au "ni marufuku kutuma." Mbaya zaidi ni neno "haipaswi," ambalo siku hizi limeenea katika maandishi ya ofisi: wengine hulielewa kuwa ni katazo, wengine kuwa ni nasaha ya kuepuka, na wengine kuwa halidaiwi tu. Neno lenye maana tatu halifai kuwekwa katika itifaki hata moja. "Yaweza" nalo lina maradhi yake, maana halibainishi kama programu ina uwezo au ina ruhusa. Mimi ningechagua "sharti" mahali pa MUST, na kuiacha "lazima." Lazima huja na mlazimishaji, na hapa hayupo, sharti ni jambo ambalo wenye kupatana wameliweka baina yao, na asiyelitimiza amejitoa mwenyewe katika mapatano. Kwa SHOULD, "yapasa", kwa MAY, "ni hiari", kwa upande wa kuepuka, "haifai", na kwa katazo, "ni marufuku." Wenye maoni bora nawaomba wayalete. Nalo ni ombi la maoni la kweli.

Nimesema ya kuwa mafundi wamelisoma vibaya jambo moja. Jambo lenyewe ni kauli ya Jon Postel, mhariri wa nyaraka hizi tangu ujana wake mpaka kufa kwake tarehe 16 Oktoba 1998, mtu ambaye heshima yake kati ya wenziwe haikuwa na mfano. Katika Waraka wa 761, wa Januari 1980, aliandika sentensi moja ambayo muhtasari wake ni huu: programu iwe na uangalifu mkali katika yale inayotenda, na iwe na moyo mkunjufu katika kuyapokea ya wengine. Kauli ikapendwa. Ikachapwa, ikakaririwa, ikahubiriwa hata mbali na mitambo, na ikapewa jina la mwandishi wake. Kwa ufupi, ikageuka methali.

Na kauli ikigeuka methali hupoteza masharti yake. Hiyo ni kawaida ambayo wanafunzi wa methali zetu waijua sana: haraka haraka haina baraka, lakini ngoja ngoja huumiza matumbo, kila moja ni kweli mahali pake, na pasipo mahali pake ni sauti tu. Tukiifuata kauli ya Postel mpaka Waraka wa 791 wa mwaka 1981 twaikuta ikiwa na sharti waziwazi: pakiti ipokewe ikiwa yaweza kufasirika, wala isikataliwe kwa kosa la kiufundi maadamu maana yake bado ni wazi. Hiyo "maadamu maana ni wazi" ndiyo iliyoanguka njiani. Tena katika Waraka wa 1122, wa Oktoba 1989, mhariri Robert Braden aliinukuu kauli hiyo na papo hapo akaonya ya kuwa mwandishi wa programu audhanie mtandao kuwa umejaa viumbe wenye nia mbaya, wapelekao pakiti zilizotungwa ili kudhuru. Ukunjufu wa moyo uliokaa jirani na onyo hilo si ukunjufu wa kupokea kila kitu. Lakini methali ilikwisha kutoka nyumbani.

Yaliyofuata ni rahisi kueleza. Programu ya kwanza yatuma ujumbe wenye kosa. Ya pili, kwa ukarimu, yakisia kilichokusudiwa na kuendelea. Mwandishi wa ile ya kwanza hajui kabisa kwamba amekosea, kwa maana hakuna aliyemwambia. Wengine wanakili kazi yake. Kisha yaja programu ya tatu, ambayo mwenyewe amesoma waraka kwa makini na kuufuata, hiyo yakataa ule ujumbe wenye kosa, na watumiaji wanailaumu, si ile ya kwanza bali hii ya tatu, kwa kuwa "zote nyingine zinafanya kazi." Basi mwandishi mwaminifu hana la kufanya ila kujifunza kosa. Tangu hapo waraka hauelezi tena jinsi mitambo isemezanavyo, na mgeni atakaye kuingia hawezi kujifunza kwa kusoma. Ajifunze kwa kuchungulia wakubwa wanavyofanya. Ndivyo ilivyokuwa katika lugha ya kurasa za wavuti. Vivinjari vilisamehe makosa, kila kimoja kwa namna yake, hata ilipoandikwa HTML5, iliyopitishwa mwaka 2014, ikabidi kanuni za kusamehe zenyewe ziandikwe hatua kwa hatua, ili angalau wote wasamehe sawasawa.

Mfano mmoja wa makosa hayo utawapendeza wanafilolojia. Waraka wa 1945, wa Mei 1996, ulioeleza itifaki ya HTTP, una kichwa cha habari kimwambiacho mwenye seva ni ukurasa gani umemleta mgeni. Jina lake limeandikwa Referer. Tahajia sahihi ya Kiingereza ni Referrer, yenye r mbili katikati. Kosa lilipojulikana lilikuwa limekwisha kuingia katika programu nyingi mno, na likaachwa. Leo ni tahajia sahihi kwa sheria: mwenye kuandika vizuri, kwa r mbili, haeleweki. Miaka baadaye kilipotungwa kichwa kingine cha kuongoza matumizi ya hicho cha kwanza kiliandikwa kwa tahajia sahihi, Referrer-Policy, hivyo mtengenezaji wa leo ni lazima akosee katika neno moja na apatie katika lingine. Sisi tulio na "masaa" yetu, yanayopigwa marufuku katika kila darasa na kusemwa katika kila ukumbi, hatuwezi kuwacheka.

Hapa ndipo ninapoona kwamba elimu ya lugha ina la kuwaambia mafundi, na ndiyo sababu ya makala hii. Kauli ya Postel, na hata wapinzani wake wengi, huweka katika kapu moja mambo matatu ambayo mwalimu yeyote wa Kiswahili huyatenganisha. La kwanza ni kosa: mtoto asema "kitabu yangu." La pili ni lahaja: mtu wa Mombasa asema "ndoo" mahali pa "njoo," na "mato" mahali pa "macho," naye hakukosea lolote, ana kanuni zake kamili, ila si hizi. La tatu ni jambo jipya: msemaji aleta neno ambalo msikilizaji hajawahi kulisikia. Msikilizaji mwema hutenda namna tatu mbalimbali. Kosa hulielewa, kisha hulisahihisha, au angalau hulitaja. Lahaja huijifunza. Neno jipya huliacha lipite na kushika maneno mengine ya sentensi, bila ya kukimbia mazungumzo. Kusema "pokea kwa moyo mkunjufu" bila ya kueleza ni lipi kati ya hayo matatu linalopokewa ni kumpa mlinzi wa lango amri isiyotekelezeka.

Ushahidi wa hayo umo katika mambo ya miaka hii. Ilipotungwa TLS 1.3, itifaki ya kulinda siri za mazungumzo, iliyotolewa katika Waraka wa 8446 mwezi wa Agosti 2018, ilionekana kwamba seva nyingi na mitambo ya kati huvunja mazungumzo zikionyeshwa namba ya toleo zisilolijua, ijapokuwa kanuni ilikuwa wazi kwamba yapasa kujibu kwa toleo zilijualo. Yaani zilizoea kusamehe makosa, lakini neno jipya ziliogopa. Itifaki mpya ikabidi ivae kanzu ya kaka yake: kwa nje yajitambulisha kuwa 1.2, na namba yake ya kweli imewekwa ndani. Na David Benjamin, katika Waraka wa 8701 wa Januari 2020, alishauri dawa ambayo naiona kuwa ya kiungwana: vivinjari vitie kwa makusudi, hapa na pale, tarakimu zisizo na maana yoyote zilizotengwa kwa kazi hiyo, ili masikio ya seva yasigande bali yazoee kupitwa na maneno yasiyoyajua. Ni kama mzee atiaye neno la kigeni katika kila hadithi ili wajukuu wasiogope wageni.

Wapinzani wa kauli ya Postel walipata andishi lao mwezi wa Juni 2023, katika Waraka wa 9413 wa Martin Thomson na David Schinazi, uliotolewa na Bodi ya Usanifu wa Intaneti. Rasimu yake ya mwanzo ilikuwa na jina lililosema waziwazi kuwa Postel alikosea; baadaye ikawa madhara ya kauli yake; mwishoni ikawa utunzaji wa itifaki imara. Naona mabadiliko hayo ya jina hayakuwa ya adabu peke yake, kwani hoja yao nayo ilikomaa: dawa si ukali wala si ukunjufu, dawa ni utunzaji, kwamba wenye itifaki wakae pamoja, waambiane makosa, na waandike upya panapohitajika. Nakubali, tena nakubali sana. Lakini andishi lao limeandikwa na watu waketio karibu na meza. Mwenye kivinjari kikubwa akiamua kukataa kosa fulani, seva za dunia zitajirekebisha katika miezi. Mwenye maktaba ndogo atumiaye programu ambayo aliyeitengeneza ameshaiacha, nani atamsikia? Kwake kauli ya Postel si falsafa iliyopitwa na wakati. Ni chakula cha jioni. Waraka wa 9413 ungalikuwa bora kama ungaliwatazama hao kwa kurasa nyingi zaidi.

Historia yetu yaweza kuwasaidia. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulipochagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili cha vitabu, na kamati iliyoundwa mwaka 1930 ilipoanza kusanifisha tahajia, ugomvi ulikuwa huuhuu. Kitabu cha shule kilitakiwa kiandikwe kwa namna moja ili kisomeke Tanga na Nairobi, na hilo lilifaulu kuliko walivyotazamia wengi. Palipoharibika ni pale ambapo ukali uliokusudiwa kwa mwandishi ulipohamishiwa kwa msikilizaji, na lahaja zenye ushairi wa karne nyingi zikahesabiwa kuwa makosa. Hilo ni kosa la kapu moja, kwa upande wake wa pili.

Na mambo haya hayako mbali nasi. Alfabeti ya Kiswahili sanifu, kwa bahati, yaingia yote katika herufi za ASCII ambazo Waraka wa 20 ulizikubali kwa mtandao mwezi wa Oktoba 1969. Hatuna nukta wala vilembwe vya kutusumbua, isipokuwa alama moja ndogo, ile ya ng'. Katika Unicode ziko alama tatu ambazo kwa jicho karibu zafanana: ya namba U+0027, ambayo ni alama nyofu ya mashine ya kupigia chapa, ya U+2019, ambayo ni alama ya kufunga nukuu, nayo huwekwa na programu za kuandikia bila ya kuulizwa, na ya U+02BC, ambayo pekee kati yao yahesabiwa kuwa ni herufi. Niliwahi kutafuta kitabu juu ya ng'ombe katika orodha ya maktaba moja, nikaambiwa hakuna. Nikaandika tena kwa alama ya pili, vitabu vikatokea. Nikaandika kwa ya tatu, havikuwapo tena. Itifaki zote zilifuatwa, pakiti zote zilifika salama, na mitambo miwili haikusikilizana juu ya mnyama.

Je, hizo alama tatu ni kosa, ni lahaja, au ni jambo jipya? Ya U+2019 naona ni kosa lililokwisha kuwa desturi, kama ile r moja. Kuikataa ni kuwafukuza waandishi walio wengi. Lakini kuipokea kimya kila programu kwa namna yake ni kurudia yaliyoipata lugha ya kurasa za wavuti. Ingefaa pawe na kanuni moja iliyoandikwa, kwa mfano kwamba katika kutafuta, alama zote tatu zikifuata ng zihesabiwe moja, na katika kuhifadhi iandikwe ile ya U+02BC peke yake. Vivyo hivyo kwa miswada yetu ya hati za Kiarabu iliyohifadhiwa Dar es Salaam na London: Waraka wa 5646, wa Septemba 2009, umetupatia namna ya kuitambulisha, sw-Arab, lakini hautuambii ni herufi gani ya Unicode iwakilishe p, ch, v au g ya mwandishi wa Lamu ambaye mwenyewe aliandika kwa b, sh, f na gh akimwachia msomaji kukisia. Mafundi hawatatuandikia kanuni hizo, kwa sababu hawaijui ng' wala hawamjui mwandishi wa Lamu. Urefu wa chini wa waraka wa namna hiyo, kama ilivyokubaliwa mwezi wa Aprili 1969, ni sentensi moja.